Kwa nini hofu inakua wakati hakuna baya lililotokea tena?

*"Mtaalamu, naomba ufafanuzi. Mwaka juzi lifti ya kazini ilikwama nikiwa ndani peke yangu. Taa hazikuzimika, na mafundi walifika baada ya kama robo saa, lakini katika muda ule moyo ulinienda mbio, nikatokwa na jasho, vidole vikafa ganzi, na nikawa na hakika kwamba hewa inaisha. Tangu siku ile sijapanda lifti yoyote. Ofisi yetu iko ghorofa ya saba, nami hupanda ngazi kila siku. Nilidhani muda ungeniponya, ila sasa hata mlango wa chumba cha mikutano kisicho na dirisha ukifungwa natamani kutoka. Rafiki mmoja anasema nina kiwewe, mwingine anasema ni fobia, na mfanyakazi mwenzangu aliyesoma saikolojia kidogo ameniambia kwamba ninajiadhibu, na kwamba hiyo ndiyo inayoitwa uimarishaji hasi. Kaka yangu anataka kuniingiza kwenye lifti kwa nguvu, apande na kushuka nami mpaka woga uniishe. Shangazi naye amenipa vidonge vyake vya kutuliza, nimeze kimoja kabla ya kupanda. Kama hakuna baya lolote lililonipata tangu wakati ule, kwa nini hofu inaongezeka badala ya kupungua? Na je, nimfuate kaka au shangazi?"*

Unachouliza, nikikuelewa vizuri, ni hiki: hofu ingepaswa kupungua kadiri siku za salama zinavyoongezeka, na kwa kuwa yako inakwenda kinyume, unashuku kwamba akili yako ina hitilafu. Haina. Akili yako inajifunza vizuri sana, ila katika miaka hii miwili haijapata somo lolote jipya kuhusu lifti. Siku za salama unazozihesabu ni siku za ngazi. Kila ulipofika ghorofa ya saba kwa miguu ulithibitisha kwamba ngazi ni salama, na kuhusu lifti ubongo ulibaki na ushahidi uleule wa siku ilipokwama.

Kabla ya kueleza jinsi hilo linavyotokea, niyaweke sawa majina, kwa sababu walio karibu nawe wametumia maneno yenye maana tofauti kana kwamba yote ni kuogopa tu. Kilichokupata ndani ya lifti kinafanana sana na kile tunachokiita shambulio la hofu, yaani wimbi la woga mkali ambalo hufikia kilele ndani ya dakika chache, likiambatana na mapigo ya moyo ya kasi, jasho, kutetemeka, ganzi, na hisia kwamba unakufa au unarukwa na akili. Ganzi ya vidole na ile hakika kwamba hewa inaisha vina maelezo yake. Mtu aliyeshikwa na hofu hupumua haraka kuliko mwili unavyohitaji, na kwa kufanya hivyo hutoa kabonidayoksaidi nyingi kupita kiasi. Kiwango chake katika damu kinaposhuka, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa kidogo, kichwa huwa chepesi, vidole na midomo hufa ganzi, na kifua hubana kama kwamba hewa haitoshi, ilhali oksijeni katika damu ipo ya kutosha. Ulihisi kukosa hewa kwa sababu ulikuwa unapumua kupita kiasi. Chumba cha lifti nacho hakijazibwa. Kina nafasi za kupitisha hewa, na robo saa, au hata muda mrefu zaidi, haiwezi kuimaliza.

Kiwewe, kwa maana ya kitabibu, huhusishwa na tukio la kukabiliwa na kifo, jeraha kubwa au ukatili wa kingono, liwe limekupata wewe mwenyewe au umelishuhudia. Ugonjwa unaoweza kulifuata una dalili zake mahususi: tukio kujirudia katika ndoto au katika picha zinazovamia akili bila kuitwa, kushtukashtuka, usingizi kuharibika, na hisia kufa ganzi. Katika maelezo yako sijaona hata moja kati ya hizo. Unachoeleza kinaelekea zaidi kwenye fobia mahususi, ambayo ni hofu ya kitu au hali fulani isiyolingana na hatari yake halisi, inayomfanya mtu akikwepe kitu hicho au akivumilie kwa mateso, ambayo kwa kawaida imedumu miezi 6 au zaidi na inayobana maisha ya kila siku. Nasema kinaelekea kwa makusudi, kwa kuwa utambuzi wa ugonjwa haufanywi kwa maandishi peke yake.

Sasa tuingie kwenye utaratibu wenyewe. Hofu ya namna hii hujengwa na aina mbili za kujifunza zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza ni kujifunza kwa kuhusisha. Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa anayetokwa na mate kwa sababu ya chakula ataanza kutokwa na mate kwa kusikia sauti tu, iwapo sauti hiyo imekuwa ikitangulia chakula mara kwa mara. Kichocheo ambacho hapo mwanzo hakikuwa na maana yoyote hupata nguvu ya kile kinachokifuata. Kwa mate panahitajika marudio. Kwa hofu, mara moja inaweza kutosha, na ni vyema iwe hivyo, maana mnyama ambaye angehitaji kushambuliwa mara nyingi ndipo ajifunze asingeishi kukitumia alichojifunza. Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala inashiriki kwa kiasi kikubwa katika kujenga na kuhifadhi uhusiano huu, nayo huweza kuitikia kabla fikra za makusudi hazijapata nafasi. Ndiyo sababu kujiambia kwamba lifti ni salama hakujakusaidia. Hilo unalijua tayari, lakini hofu yako haikuingia kwa njia ya hoja, na haitatoka kwa njia hiyo.

Kujifunza kwa kuhusisha kuna tabia nyingine ambayo umeigusa bila kuitaja: hofu husambaa. Mwaka 1920, nchini Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walimfundisha mtoto wa miezi 11, waliyemwita Albert katika maandishi yao, kumwogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa nyundo nyuma yake kila alipomgusa panya yule. Baadaye mtoto alilia kwa kumwona panya tu, kisha akaonyesha woga kwa sungura, mbwa na koti la manyoya. Lilikuwa jaribio la kikatili ambalo hakuna kamati ya maadili ya utafiti ingeliruhusu leo, na kinachoniuma zaidi ni kwamba mtoto aliondoka bila kuondolewa hofu aliyopandikizwa. Ninalitaja kwa sababu linaeleza chumba chako cha mikutano. Hakijawahi kukudhuru, kinashiriki tu na lifti zile sifa ambazo ubongo uliziwekea alama siku ile, yaani nafasi finyu, kukosekana kwa dirisha, na mlango uliofungwa. Niongeze hapa kwamba si kila anayekwama kwenye lifti hubaki na hofu, na si kila mwenye hofu hiyo amewahi kukwama. Wengine huipata kwa kumwona mzazi akiogopa, na wengine kwa habari walizosimuliwa.

Aina ya pili ni kujifunza kwa matokeo, na hapa ndipo mwenzako wa kazini alipoteleza, tena kwa kosa lililoenea sana. Katika lugha iliyojengwa na mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner na waliomfuata, uimarishaji ni tokeo lolote linalofanya tabia irudiwe zaidi, na adhabu ni tokeo lolote linalofanya tabia ipungue. Chanya na hasi hapa hazimaanishi zuri na baya, bali kuongezwa na kuondolewa. Mtoto anayesifiwa kwa kusoma, naye akazidi kusoma, amepata uimarishaji chanya, kwa kuwa sifa imeongezwa. Mtu anayemeza dawa, kichwa kikaacha kumuuma, na siku nyingine akaikimbilia dawa ileile, amepata uimarishaji hasi, kwa kuwa maumivu yameondolewa. Kwa hiyo uimarishaji hasi si adhabu hata kidogo. Ni malipo, na malipo yake ni nafuu. Wewe si kwamba unajiadhibu unapopanda ngazi. Unalipwa.

Jitazame asubuhi moja mbele ya lifti. Kidole kinakaribia kitufe, mlango unafunguka, moyo unaanza kwenda mbio na viganja vinalowa. Unarudi nyuma, unageukia ngazi, na kabla hujafika ghorofa ya kwanza mabega yameshuka na pumzi imetulia. Sekunde zile chache za nafuu zinafanya kazi mbili kwa mpigo. Zinaifanya tabia ya kukwepa kuwa rahisi zaidi kesho, na zinaupa ubongo hitimisho la uongo, kwamba umesalimika kwa sababu umekimbia. Mwaka 1947 mwanasaikolojia O. Hobart Mowrer alieleza jinsi aina hizi mbili zinavyoungana: hofu huanza kwa kuhusisha, kisha hudumishwa na nafuu inayotokana na kukwepa. Nadharia yake haielezi kila kitu, kwa mfano watu wanaoendelea kukwepa hata baada ya hofu yenyewe kupoa, lakini kwa swali lako inatosha kabisa.

Kuna ushahidi mmoja kutoka maabara ambao huwa naukumbuka kila ninapoulizwa swali kama lako. Katika miaka ya 1950 Richard Solomon na wenzake waliwafundisha mbwa kuruka kizuizi kila waliposikia au kuona ishara fulani, ili wakwepe mshtuko wa umeme uliofuata. Kisha umeme ukakatwa kabisa. Mbwa waliendelea kuruka kwa muda mrefu sana, baadhi yao mamia ya mara, ingawa upande wa kwanza haukuwa tena na hatari yoyote. Hawakuwa na njia ya kulijua hilo, kwa sababu hakuna aliyebaki pale kuona. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza: hofu haipunguzwi na muda, hupunguzwa na uzoefu unaopingana nayo, na kukwepa huuzuia uzoefu huo usitokee.

Tiba basi inafuata mantiki hiyohiyo. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alimsaidia mtoto wa karibu miaka 3 aliyeitwa Peter, ambaye alimwogopa sungura, kwa kumsogeza sungura karibu kidogo kidogo wakati mtoto akila chakula alichokipenda, hadi akaweza kumgusa. Daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliigeuza njia hiyo kuwa tiba yenye utaratibu katika miaka ya 1950, akiunganisha orodha ya hali za kutisha, kuanzia nyepesi hadi nzito, na mazoezi ya kulegeza mwili. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kulegeza mwili si sharti. Kiini cha tiba ni kukabiliana na kile unachokikwepa, kwa mpango, kwa hiari, na kwa muda wa kutosha kujifunza jambo jipya. Kwa fobia mahususi hii ndiyo tiba yenye ushahidi imara kuliko zote tulizo nazo.

Hapo ndipo ninapoliona pendekezo la kaka yako kuwa na chembe ya ukweli iliyofungwa ndani ya kosa kubwa. Ni kweli kwamba lazima uingie kwenye lifti. Ni kweli pia kwamba kuna namna ya tiba inayomkabilisha mtu na hali nzito tangu mwanzo, na imewasaidia watu. Lakini hufanywa kwa ridhaa kamili, baada ya maelezo na maandalizi, na mgonjwa ndiye anayeshika hatamu. Mtu anayevutwa kwa nguvu hujifunza kwamba ndani ya lifti hana uwezo wa kuamua lolote, jambo ambalo ndilo hasa lililokutisha siku ile, na akifanikiwa kujichomoa na kukimbia hofu ikiwa kileleni, atakuwa amepata malipo makubwa kuliko yote aliyowahi kupata kwenye ngazi. Mwambie kaka kwamba unamhitaji, ila kwa namna nyingine: awe pembeni yako hatua za mwanzo, akae kimya, asikusukume, kisha akubali kubaki nje utakapomwambia.

Vidonge vya shangazi virudishe. Sababu ya kwanza ni ya usalama: dawa aliyoandikiwa mtu mmoja haimfai mwingine bila daktari kumpima, na dawa nyingi za kutuliza husababisha usingizi, huweza kudhuru zikichanganywa na pombe au dawa nyingine, na baadhi hujenga utegemezi. Sababu ya pili ni ya kisaikolojia. Ukipanda lifti ukiwa umemeza kidonge na ukafika salama, ubongo utakipa sifa kidonge, na lifti itabaki na jina lake baya. Hali ni hiyohiyo kwa mambo madogo ambayo huenda unayafanya bila kuyatambua, kama kushika chupa ya maji mlangoni mwa chumba cha mikutano au kukagua mara kwa mara kama simu ina mtandao. Tunayaita tabia za kujikinga. Si vibaya kuanza nayo, lakini lazima yaachwe njiani. Nisisitize tu kwamba iwapo kuna dawa ambayo daktari wako mwenyewe amekuandikia, usiiache ghafla kwa sababu ya maneno haya. Zungumza naye kwanza.

Kwa vitendo, andika hali zinazokuogopesha na kila moja uipe alama kutoka 0 hadi 100. Pengine kusimama mbele ya lifti ukitazama mlango ukifunguka na kufungwa kutapata 25, kuingia na kutoka huku kaka ameshikilia mlango 40, kupanda ghorofa moja mkiwa wawili 60, ghorofa moja peke yako 75, na kufika ya saba peke yako 95. Anza na ile inayokutia wasiwasi bila kukulemea. Kabla ya kila zoezi andika unachotabiri kitatokea, kwa maneno dhahiri yanayoweza kupimwa: nitazimia, hewa itaisha, nitapiga kelele mbele za watu. Ukimaliza, andika kilichotokea. Pengo kati ya mistari hiyo miwili ndilo somo, na mimi hulipa uzito kuliko kiasi cha hofu ulichokihisi, kwa sababu unaweza kuogopa sana na bado ukajifunza. Rudia kila hatua mara nyingi, ikiwezekana siku zinazokaribiana. Hofu ikipanda ukiwa ndani, usipambane nayo na usiikimbie. Pumua taratibu kwa pua, acha moyo udunde, kisha shuka ghorofa uliyopanga. Ikibidi utoke mapema, hujaharibu kitu, mradi urudi siku hiyohiyo kwenye hatua nyepesi kidogo. Chumba cha mikutano nacho kiwekee orodha yake.

Jiandae pia kwa jambo linalowakatisha tamaa watu wengi. Kufifia kwa hofu si kufutwa kwake. Pavlov mwenyewe aliona kwamba mwitikio uliokwisha kufifia hurudi mnyama akipumzishwa kwa muda, na tafiti za baadaye zimethibitisha kwamba kumbukumbu ya zamani hubaki, ila hujengewa pembeni yake kumbukumbu mpya inayoshindana nayo. Kumbukumbu hii mpya huwa dhaifu katika mazingira mapya. Unaweza ukawa umeizoea lifti ya kazini kisha ukatetemeka mbele ya lifti ndogo ya jengo usilolijua, au baada ya likizo ndefu. Hapo hujarudi mwanzo. Panda tena, na tangu awali fanya mazoezi kwenye lifti tofauti, saa tofauti, ukiwa peke yako na ukiwa kati ya watu.

Unaweza kuzianza hatua nyepesi mwenyewe, lakini kuna mazingira ambayo yanakutaka uonane na mtaalamu ana kwa ana kabla ya kufanya lolote. Kama hujawahi kupimwa tangu mashambulio yalipoanza, onana na daktari kwanza, kwa sababu matatizo ya moyo au tezi ya shingo yanaweza kuleta mapigo ya kasi na jasho yanayofanana na hofu. Na kama una ugonjwa wa moyo, ujauzito au pumu, pata ushauri wake kuhusu mazoezi haya. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, au kuzimia, ni dharura ya hospitali na si suala la saikolojia mpaka ithibitishwe hivyo. Tafuta mwanasaikolojia au daktari wa akili pia ikiwa mashambulio yanakuja hata pasipokuwa na mlango uliofungwa, ikiwa ndoto na picha za tukio zinakuvamia, ikiwa umeanza kutumia pombe ili upite siku, ikiwa huzuni imekuondolea hamu ya mambo uliyoyapenda, au ikiwa umejaribu hatua hizi kwa wiki kadhaa bila kusogea. Wazo la kutaka kujidhuru likikujia, hata mara moja, usilisubirishe. Mwambie mtu aliye karibu nawe na uende hospitali siku hiyohiyo.

Utakapoonana na mtaalamu, usiishie kumweleza shida yako. Muulize kama amewahi kutibu fobia kwa njia ya kukabiliana hatua kwa hatua, na kama yuko tayari kutoka ofisini mwake na kusimama nawe mbele ya lifti halisi. Mazungumzo yana nafasi yake katika kukuandaa, lakini ukikuta kwamba wiki zinapita mkizungumzia tu siku ile ilipokwama, bila mpango wowote wa kupanda, una haki ya kuuliza kwa nini, na una haki ya kumtafuta mwingine.